Mbele ya Kilangozi

Madereva wa teksi wa stesheni ya Tabora walikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya serikali ya Mwingereza, imepigwa chapa na kubandikwa ukutani, nayo ilivunjwa kila kulipokucha. Ya pili haikubandikwa popote, na hakuna aliyethubutu kuigusa: magari yakiondoka pamoja, kilangozi hapitwi.

Kilangozi ni neno la siku zile ambazo barabara ya kwenda Bagamoyo ilikuwa nyayo za watu tu. Msafara wa wapagazi ukiondoka Unyanyembe, ndiyo Tabora hii, na pembe za ndovu mabegani, mbele kabisa alitembea mtu mmoja aliyevaa joho jekundu na ngozi ya mbega kichwani. Huyo ndiye kilangozi. Alipopinda walipinda, aliposimama walitua mizigo. Mpagazi aliyejitia kimbelembele akamtangulia alinyang'anywa mshale wake papo hapo, na hakuuona tena mpaka atoe mbuzi, aliwe na msafara mzima. Wapagazi wakaisha, reli ikaja, magari yakaja, na sheria nayo ikapanda gari. Sasa aliyempita kilangozi alinyang'anywa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini, na gari la siku zile likikosa hendeli halikuwa na tofauti na banda la kuku.

Mwaka ule, mwaka mmoja baada ya Malkia kuvishwa taji huko kwao, kilangozi wa stesheni alikuwa Mzee Luhende. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye masharubu meupe na koti la kaki alilorudi nalo kutoka vita vya Hitla. Hakuna dereva aliyeanza kazi kabla yake. Tena babu yake mzaa baba alikuwa kilangozi wa kweli, wa joho na ngozi ya mbega, aliyekwenda pwani na kurudi mpaka nyayo zake zikawa ngumu kama kwato. Kwa hiyo madereva walipompa Luhende cheo hicho waliona wamerudisha kitu kwa mwenyewe.

Gari lake lilikuwa kuukuu, jeusi, lenye mabati yaliyogongwa na kunyooshwa mpaka yakasahau umbo lake la kwanza. Alikuwa ameliita Mayu, yaani mama kwa Kinyamwezi, kwa sababu lilimlisha yeye, mkewe Bertila na watoto wao wote. Kila jioni, kabla ya kulifunika turubai, alilipigapiga kwa kiganja na kuliambia, "Wabeja, Mayu." Asante, mama.

Si kwamba kazi ilikuwa tamu. Kazi ya teksi ni kubeba watu pamoja na vituko vyao, na vituko havilipiwi nauli. Alipata kumbeba mtu wa Usinge aliyepakata kilindo cha asali, kile chombo cha gome la mti. Kifuniko kikalegea, asali ikatambaa kitini, na kwa juma zima Mayu alifuatwa na nyuki kama mtemi anavyofuatwa na wapambe. Alipata kumbeba mzee wa Ziba aliyefika mjini kwa mara ya kwanza, akaketi, akanyoosha miguu na kusema, "Nipeleke kwa mdogo wangu."

"Mdogo wako anakaa wapi, baba?"

"Hapa hapa Tabora."

"Tabora ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

Wakazunguka asubuhi yote wakibisha mlango kwa mlango, na mdogo mtu alipopatikana alimfokea Luhende kwa kumchelewesha kaka yake. Kulikuwa pia na karani mmoja wa boma aliyesoma gazeti garini tangu nyumbani mpaka kazini. Kila gurudumu lilipotumbukia shimoni aliuliza bila kuinua uso, "Hilo nalo hukuliona?"

Na kweli, Luhende hakuliona.

Ukungu ulianza mvua za mwaka juzi. Kwanza alidhani ni kioo cha gari, akakisugua kwa majivu. Kisha akadhani ni mvuke wa udongo uliolowa. Mvua zilipokwisha na anga likatakata, ukungu ulibaki, akajua unakaa wapi. Hakumwambia mtu. Barabara zote za Tabora alikuwa nazo kichwani, kila mteremko na kila mchanga mzito, na mikono yake ilijua kupinda kabla macho hayajauliza. Aliona weupe wa barabara, aliona weusi wa miti pembeni, na katikati ya hivyo viwili alipita salama. Bertila siku hizi aliviweka viatu vyake mahali pale pale na kikombe cha chai upande ule ule, naye Luhende alimshukuru Mungu kwamba mke wake uzeeni amekuwa mtu wa utaratibu.

Lakini jambo moja alilijua vizuri, na lilimnyima raha. Mbele ya msafara hakuna vumbi. Pale mbele penye mwanga, hata jicho lenye ukungu hujimudu. Mweke nyuma ya gari jingine wakati wa kiangazi, ndani ya lile vumbi jekundu, naye ni kipofu aliyeshika usukani. Kwa hiyo kwa Luhende ukilangozi haukuwa heshima peke yake. Ulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Siku atakayoacha kutangulia, siku hiyo hiyo ataacha kuendesha.

Jumamosi moja ya kiangazi kikali, treni ya Mwanza ilishusha watu wa harusi. Bwana harusi na jamaa zake walikuwa wamekuja kumwoa Imakulata, binti wa wakulima wa Kwihara. Ndoa ingefungwa asubuhi, karamu ingefuata, na alasiri bibi harusi angesindikizwa mpaka stesheni apande treni na mumewe. Teksi zote zilikodiwa, kwenda na kurudi.

Magari yalipangwa, Mayu mbele. Wanawake wa upande wa bwana harusi walijazana kiti cha nyuma, na mbele kando ya Luhende akaketi shangazi mtu, Apolinaria, mwanamke mnene mwenye rozari mkononi.

"Shikamoo baba," alisema, ingawa walikaribiana umri.

"Marahaba mama. Karibu Tabora."

Twalibu, dereva wa gari la tatu, alikuwa amejiegemeza kwenye mlango wa Mayu. Huyu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wanatukanana, wanazikana, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

"Mzee Luhende," alisema, "leo utatufikisha harusini, au utatufikisha kwenye ubatizo wa mtoto wao wa kwanza?"

"Mwenda pole hajikwai."

"Hajikwai, lakini hukuta masufuria yamekwisha kuoshwa."

"Nyamaza wewe. Babu yako aliona pembe ya ndovu akadhani ni muhogo."

"Na babu yako akaubeba muhogo huo mpaka shingo ikaingia kifuani. Ndiyo maana Wanyamwezi hamna shingo mpaka leo!"

Wanawake wakacheka mpaka gari likatikisika. Silasi naye alicheka, yule dereva ambaye gari lake lilikufa tangu masika na sasa alipakiwa na Twalibu ili asaidie kusukuma likikwama lolote. Ni Ngollo peke yake ambaye hakucheka. Ngollo alikuwa dereva wa gari la pili, kijana aliyejifunza udereva kwenye matrekta ya karanga kule Urambo. Karanga zilipokataa kuota kama Wazungu walivyotaka, yeye alibaki na leseni yake akaja stesheni. Alfajiri hiyo alikuwa amekwisha kwenda Kwihara kupeleka magunia ya mchele.

"Mzee," alisema, akiinama dirishani, "kule mbele, karibu na kijiji, leo wame..."

"We!" Twalibu akamkatiza. "Unataka kumwonyesha kilangozi njia? Mtoa mbuzi huyo, mshikeni!"

Madereva wakapiga makofi. Kumwonyesha kilangozi njia kulikuwa kosa, dogo kidogo tu kuliko lile la kumpita, na watu walikuwa na hamu ya nyama. Ngollo akamtazama mzee, akitegemea aambiwe "sema, mwanangu." Luhende alinyoosha kola ya koti lake.

"Barabara ya Kwihara," alisema, "nilianza kuipita kabla mama yako hajavunja ungo. Rudi garini."

Kijana akarudi garini.

Wakatoka. Mji ukabaki nyuma, na Luhende akaingia katika ile furaha aliyoizoea: barabara nyeupe mbele, sauti ya Mayu ikikoroma chini ya miguu, wanawake wakiimba nyuma, na nyuma yao tena magari ya wenzake yamefuatana kama shanga. Alifikiri kwamba babu yake, mbele ya pembe na nguo na chumvi, lazima alijisikia hivi. Apolinaria alijifunika kanga mpaka puani akaacha macho tu.

Walikuwa wameanza kukaribia Kwihara aliposikia honi. Honi nyuma yake! Ikapigwa tena, ndefu, bila adabu. Kisha upande wake wa kulia pakatokea kitu kinachonguruma, kikawa sambamba naye, kikampita, kikamkata mbele karibu kabisa na pua ya Mayu na kuchepuka kushoto. Gari la Ngollo.

Dunia ikawa vumbi. Luhende hakuona barabara, hakuona miti, hakuona hata mikono yake. Lakini hasira ina masikio. Alisikia injini ya yule mtovu wa adabu ikienda kushoto, naye akakata kushoto, akaifuata kama mbwa anavyofuata mwizi. Mayu akaruka, akatua, akaruka tena. Wanawake wakapiga kelele. "Barabara hii haina mashimo namna hii," alijisemea, akiuma meno, "mpuuzi huyu ananipeleka porini." Kisha magurudumu yakapanda, yakatulia, na vumbi likafunguka. Mbele yake akaona weupe wa barabara kama kawaida, na gari la Ngollo likipunguza mwendo pembeni ili apite. Akapita bila kugeuza shingo.

Apolinaria kando yake alikuwa ameifumbata rozari kwa mikono miwili. Hakuiachia mpaka walipofika.

Vigelegele viliwapokea Kwihara, lakini Luhende hakuvisikia. Alisimamisha Mayu, akashuka, akaenda moja kwa moja kwa Ngollo huku amenyoosha kiganja. Madereva wengine wakaja mbio, maana walichoona wao katika vumbi ni kitu kimoja tu: kilangozi amepitwa.

"Hendeli," alisema Luhende.

Ngollo akaitoa chini ya kiti, akampa kwa mikono miwili. "Nimekosa, mzee."

"Sababu?"

Kijana akatazama chini. "Sina."

"Mbuzi?"

"Nitatoa. Jumapili."

Twalibu alishika kiuno. "Hata kujitetea? Sema basi breki zilikataa! Sema ulikuwa na haja ya haraka! Huu mbuzi mrahisi namna hii mimi nitamlaje?"

Ngollo akaufunga mlango wa gari lake. Luhende alikuwa ameyapanga maneno makali njia nzima, na sasa hakupata pa kuyamwaga. Akaibeba hendeli kwapani, akaingia kanisani nayo, akakaa nayo mpaka ndoa ikafungwa.

Baadaye watu wakaketi kwenye mikeka, vyakula vikaletwa. Madereva walipewa mkeka wao, na katikati, kama ilivyostahili, akaketi Luhende. Wali wa kwao ulinukia, kuku waliokaangwa kwa karanga walinukia, na hasira yake ikaanza kulainika pembeni. Apolinaria akaja amebeba sahani ndogo iliyofunikwa. Watu wote pale walijua kilichomo. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mtu wa heshima, na kwenye mkeka ule mtu huyo alijulikana. Luhende akanawa tena mikono.

Apolinaria akapiga goti. Akaiweka sahani mbele ya Ngollo.

Mikono yote ikasimama juu ya wali. Ngollo alitazama ile firigisi kana kwamba ni nyoka.

"Mama," alisema Luhende, akijitahidi kucheka, "desturi za Mwanza ni ngeni kwetu. Firigisi mnampa mtu wa faini?"

"Faini gani, baba? Nampa aliyenifikisha mzima."

"Aliyekufikisha ni mimi."

Mwanamke akamtazama. Aliyatazama macho yake, la kulia na la kushoto, taratibu, kama mtu anayechagua maharage. Kisha akasogea, akachutama karibu naye, na sauti yake ikashuka mpaka ikawa yao wawili tu.

"Baba yangu, samahani. Nilidhani unajua. Kumbe yale matawi hukuyaona?"

Luhende alifungua kinywa aulize "matawi gani?" Akakifunga. Akasimama akasema anakwenda kunyoosha miguu.

Alirudi kwa miguu kwenye barabara aliyokuja nayo. Haikuwa mbali. Karibu na mahali ambapo kijito hupita wakati wa mvua, alijikwaa kwenye tawi. Kulikuwa na mengi, yamelazwa barabarani toka ukingo hadi ukingo, yamekauka na kuwa na rangi ile ile ya udongo. Nyuma ya matawi barabara ilikuwa haipo. Watu wa barabara walikuwa wamechimba handaki la kupitishia maji, na chini yake walikwisha kupanga mawe. Kushoto kwa mtu atokaye mjini walifyeka njia ya kando, yenye mashimo, ya kuzunguka, naye akaipita mpaka upande wa mjini, penye matawi mengine.

Akainama mpaka uso wake ukakaribia udongo. Tairi moja la Mayu lilikuwa na kiraka alichokishona mwenyewe, na alama ya kiraka hicho ilikuja moja kwa moja, imenyooka, haina wasiwasi, mpaka kwenye matawi. Hapo ndipo ilipokatwa na alama za tairi jingine. Baada ya hapo ilipinda kushoto. Aliweka kiganja kati ya mahali ilipopindia na ukingo wa handaki. Hakikuenea vizuri.

Luhende akaketi ukingoni. Aliwafikiria wale wanawake waliokuwa wakiimba mgongoni kwake. Alifikiria nyumba hii ya harusi ingekuwa nyumba ya nini sasa hivi. Alijaribu kusali, lakini kilichotoka ni pumzi tu, ndefu, kisha nyingine.

"Mzee, chakula kinapoa."

Ngollo alikuwa amesimama nyuma yake.

"Ulijua," alisema Luhende.

"Nilipita hapa alfajiri. Nilitaka kukuambia pale stesheni."

"Na Twalibu akakuziba mdomo."

"Si Twalibu, mzee. Kilangozi haonyeshwi njia. Nikasema pia, matawi yamejaa barabara nzima, nani asiyaone?"

"Na uliponiona sipindi?"

"Nilisema atapinda sasa. Nikasema sasa. Nikasema tena sasa." Kijana akalitazama handaki. "Halafu nikaona 'sasa' zimekwisha."

Luhende akacheka bila kutaka. Kisha akauliza, "Kwa nini hukusema mbele ya watu? Ungemwokoa mbuzi wako."

Ngollo alichutama, akaokota jani kavu na kulivunjavunja. "Mbuzi hupatikana. Baba yangu macho yalimpotea akiwa bado anachunga. Siku moja alisukuma ng'ombe wa jirani mpaka nyumbani akidhani ni wake. Watu wakamcheka kisimani. Hakwenda kisimani tena, mzee, wala kilabuni, wala msibani. Alikaa ndani mpaka akafa. Nikasema, mimi sitakuwa mtu wa kukuanzishia kicheko."

Mzee akarudi kwenye Kinyamwezi chake. "Wabeja, mwanangu," alisema. "Wabeja."

"Na sitasema," Ngollo aliendelea. "Yule mama naye si mtu wa kusema, nimemwomba. Wewe utangulie kama siku zote. Mimi nitakaa nyuma yako karibu. Ukikosea nitapiga honi mara moja, na watu watadhani nina wazimu wa honi."

Ilikuwa zawadi kubwa, na Luhende aliipima kama mtu anavyopima nguo nzuri isiyo yake. Angeweza kuivaa. Angeendelea mbele mwaka mmoja, pengine miwili, kijana akiwa macho yake ya mgongoni. Angeendelea kulifunika Mayu jioni na kulishukuru. Halafu ingekuja siku Ngollo amepata abiria wa kwenda upande mwingine.

Alinyoosha mkono, kijana akamwinua.

Alasiri magari yakapangwa tena, pua zikielekea mjini. Imakulata alitolewa ndani amefunikwa shela, akilia kama inavyompasa bibi harusi, akapandishwa gari la Twalibu pamoja na mumewe. Wanawake wa Mwanza wakajipakia ndani ya Mayu. Watu wote wakangoja kilangozi awashe.

Luhende alisimama katikati ya barabara, hendeli mkononi. Akaenda mpaka kwa Ngollo, akamrudishia mbele ya macho ya wote.

"Tangulia," alisema.

"Mtu hamtangulii kilangozi!" akaita dereva mmoja wa nyuma.

"Ni kweli. Basi sikilizeni." Akageuka awaelekee wote. "Macho yangu yana ukungu. Nimewaficha tangu mvua za mwaka juzi. Leo asubuhi nilikuwa nawapeleka hawa mama zetu handakini, na sikuliona handaki. Huyu kijana hakunipita kwa kiburi. Alinipita akanipindisha. Kisha akakubali faini ili ninyi msijue. Mnaotaka kuhakikisha, alama za tairi bado zipo pale."

Hakuna aliyesogea. Hata bibi harusi aliacha kulia ndani ya shela. Kilikuwa kimya cha aibu, kile ambacho watu hawajui wapeleke wapi macho yao, na Luhende alihisi kinaanza kumzunguka kama kuta za chumba.

Twalibu akateremka garini. Alitembea mpaka mbele ya mzee, akapunga mkono mbele ya uso wake kama anayefukuza inzi.

"Kumbe!" alipaza sauti. "Miaka yote hii sisi watu wa pwani, wastaarabu, tumekula vumbi la Mnyamwezi asiyeona! Na nauli yangu yote imeishia kwenye sabuni!"

Mtu mmoja alishtuka akasema, "Twalibu!" Lakini Luhende alikuwa amekwisha kucheka. Alicheka mpaka machozi, na wengine wakaona wana ruhusa, wakacheka naye, na kile kimya kikavunjika vipande vipande. Kazi ya mtani ni hiyo. Mwingine yeyote angesema maneno yale angekuwa amemzika mzee. Mtani alimfukua.

"Na mbuzi?" Twalibu aliuliza, sasa akiwa amemshika mkono. "Usituchanganye na machozi. Mbuzi ni wa nani?"

"Babu aliniambia, kilangozi akipoteza njia, mtoa mbuzi ni yeye. Jumapili njooni kwangu wote. Ngollo atapewa firigisi."

"Mbuzi hana firigisi, mzee."

"Basi atapewa maini! Wewe utapewa kwato."

Ngollo alikuwa bado ameshika hendeli, hajui aiweke wapi. Luhende akamgeukia Silasi, aliyekuwa amejitenga kidogo kama anavyojitenga mtu asiye na gari kati ya wenye magari.

"Silasi, shika Mayu."

"Mpaka stesheni, mzee?"

"Mpaka stesheni, na kesho, na kesho kutwa. Tutakula wote. Gia ya pili inataka kubembelezwa, usiilazimishe. Na akipanda mlima mwimbie, anapenda."

Silasi alipangusa viganja vyake kwenye suruali, upande huu na upande huu, kabla ya kuthubutu kugusa usukani.

Apolinaria alikuwa amemwachia Luhende kiti cha mbele, lakini yeye alikataa, akaingia nyuma katikati ya wanawake, wakasogeana kwa vicheko. Ngollo akawasha, akaondoka taratibu mno, kama aliyebeba mayai. Mayu akafuata. Vumbi likaingia kwa kila tundu, likamkalia mzee kwenye masharubu, na kwa mara ya kwanza alijua wenzake walichokula nyuma yake miaka yote bila kumnung'unikia. Akalipokea.

Wanawake wakaanza kuimba. Luhende alikuwa amebeba harusi nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na katika zote alisikia mwanzo wa wimbo tu. Baada ya hapo masikio yake yalikuwa ya injini. Leo hakuwa na injini ya kusikiliza. Alisikia ubeti wa mama aliyemzaa bibi harusi, na ubeti wa shangazi, na ubeti wa majirani waliomkopesha moto. Akagundua kwamba wimbo ulikuwa mrefu, na kwamba ulikuwa wa kushukuru tangu mwanzo hadi mwisho. Ulimshukuru hata mwenye jiwe la kusagia.

"Baba, mbona huimbi?" aliuliza Apolinaria kutoka mbele.

"Maneno siyajui, mama."

"Sisi tutayatoa. Wewe itikia."

Walipokuwa wakiizunguka njia ya kando, pole pole, handaki likiwa upande wao wa kushoto, Mzee Luhende alikuwa ameshika mgongo wa kiti cha Silasi kwa mikono miwili, amefumba macho yake, anaitikia.